Ukiingia pabu ya Uingereza, usikae ukasubiri mhudumu

Ukipita Nottingham, York au mji mwingine wa Uingereza ukaingia pabu ya zamani, usikae mezani kusubiri mhudumu. Mimi nilikaa karibu nusu saa nikidhani wananipuuza, kumbe unaagiza mwenyewe kaunta. Foleni huioni, lakini kila mtu anajua nani kamtangulia. Ukimruka mtu utaangaliwa vibaya.

Bia ya kutafuta humo ni ile ya pipa, inayoendelea kuchachuka humo humo pipani na kuvutwa kwa mpini mrefu uliosimama kaunta. Haiongezwi gesi. Huja na nyuzi 11 hadi 14 hivi za Selsiasi, kwa hiyo aliyezoea bia ya baridi kali, ile ambayo chupa inatoka jasho, ataona kapewa ya moto. Ndivyo ilivyo. Ila ikinuka siki, hiyo imeharibika; irudishe kwa upole, kwa kawaida watakubadilishia.

Kila mpini una kibao chenye jina la bia na asilimia ya kilevi. Ukikuta kibao kimegeuzwa nyuma, hiyo imeisha au bado haijawa tayari. Omba kuonja kwanza, wengi hukumiminia kidogo bure. Halafu anza na nusu painti: painti nzima ni mililita 568, na mji bado hujauzunguka. Chakula kiulizie mapema, maana jiko linaweza kufungwa alasiri huku vinywaji vikiendelea.