Great Ocean Road: jinsi ya kuipita bila kukimbizana nayo

Watu wengi wakitua Melbourne na kusikia habari za Great Ocean Road, barabara ya pwani ya kusini mwa Australia, wanapiga hesabu ya haraka haraka, si kilomita 243 tu, basi tunatoka asubuhi usiku tumerudi. Inawezekana ndio, mabasi ya watalii yanafanya hivyo kila siku, ila siku nzima utaimaliza kwenye siti na baharini kwenyewe utasimama dakika ishirini ishirini huku dereva anaangalia saa. Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote hapa chini yanatokana na huo: lala njiani. Usiku mmoja unatosha, miwili ndio raha yenyewe.

Hizo 243 zinahesabiwa kuanzia Torquay mpaka Allansford, jirani na Warrnambool, na Torquay penyewe ni kama kilomita mia kutoka Melbourne, kwa hiyo kabla hujaigusa barabara yenyewe ushaendesha zaidi ya saa nzima. Halafu usipige hesabu za haiwei iliyonyooka. Ni kona juu ya kona, mlima huku maji kule, kibao kinakuruhusu 80 lakini kona yenyewe inakutaka ushuke mpaka 35, na ukiingia kwenye vimji vyake ni 50. Torquay mpaka Apollo Bay tu ni karibu masaa mawili bila kusimama, na kusimama utasimama, hilo wala tusidanganyane.

Anzia Torquay uelekee magharibi, usianzie mwisho. Australia wanaendesha kushoto, na ukielekea magharibi bahari inakuwa kushoto kwako, yaani uko leni ya upande wa maji, hakuna magari yanayokatiza kati yako na mandhari, na ukiona sehemu ya kusimama unachepuka tu kushoto bila kukata leni ya wanaokuja. Ukiendesha kinyume unaona zaidi ukuta wa mlima, na kila ukitaka kupiga picha inabidi usubiri nafasi ya kuvuka barabara karibu na kona, kitu ambacho mimi sikipendi kabisa.

Kama umezoea kuendesha kulia kuwa makini, sio mwanzo wa safari maana hapo kila mtu yuko macho, hatari ni pale umesimama kupiga picha, akili imehamia kwenye mawimbi, unarudi kwenye gari unaondoka na unajikuta leni ya watu. Wameshaona tatizo hilo ndio maana kuna mishale mingi imechorwa kwenye lami kuonyesha upande. Leseni yako kama haijaandikwa kwa Kiingereza chukua ya kimataifa au tafsiri yake kabla hujafika kwenye kaunta ya gari za kukodi. Na jingine, angalia kioo cha nyuma. Wenyeji wanaitumia barabara hii kwenda kazini, we uko likizo unaenda 45 umekodolea bahari macho na nyuma kuna foleni ya magari nane, chepuka kwenye sehemu za kupisha, wapite, uendelee na starehe zako. Dereva hatazami bahari gari ikiwa inatembea, atatazama akisimama, kama mko wawili mna leseni basi badilishaneni.

Giza likiingia uwe umeshafika unapolala. Kangaruu na wenzao wadogo wanatoka kula jioni na alfajiri na hawana habari na taa zako, wanaruka tu. Ukodishaji gari kwa kampuni nyingi una masharti kuhusu ajali za wanyama usiku, soma ile karatasi kabla ya kusaini.

Muda wa kwenda. Desemba na Januari ni kiangazi na shule zimefungwa, watu kibao, vyumba bei juu, na ndio msimu wa moto wa porini. Sio kitu cha kupuuza, Krismasi ya 2015 moto uliteketeza nyumba 116 Wye River na Separation Creek, vijiji viwili vilivyo kwenye barabara hii hii. Ukienda kipindi hicho weka kwenye simu VicEmergency, programu ya tahadhari za dharura, na uifungue kila asubuhi, siku wakitangaza hatari kubwa ya moto usiingie msituni hata kama umeshalipia chumba. Namba ya dharura ni 000. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, kuna baridi na upepo wa kukuvua kofia lakini barabara iko wazi na bahari inachafuka vizuri sana. Mi ningechagua Machi au Novemba. Pasaka nayo ikwepe labda kama unataka mashindano ya kuteleza mawimbini pale Bells Beach, hapo Torquay hukuti chumba.

Siku ya kwanza sasa. Bells Beach unasimama juu kwenye kingo unaangalia watu wanavyosubiri wimbi, nusu saa inatosha. Aireys Inlet kuna mnara wa taa mweupe wa 1891, unazunguka, unaendelea. Ukifika Eastern View utapita chini ya lango la magogo, na hapa tafadhali tumia maegesho yaliyo pembeni, kuna watu wanasimama katikati ya lami kupiga picha na magari yanakuja. Pembeni pana sanamu ya wanaume wawili na zana za kazi. Hao ndio walioijenga. Baada ya vita kuu ya kwanza wanajeshi kama 3,000 waliorudi nyumbani walipewa kazi hii, wakaanza 1919 wakamaliza 1932, kwa sururu, koleo, baruti na mikokoteni ya farasi, na barabara nzima ni kumbukumbu ya wenzao waliokufa vitani. Ukishajua hilo ukaangalia ukuta wa mwamba uliochongwa kulia kwako unaacha kulalamika kuhusu kona.

Lorne ni pa kula na kunyoosha miguu. Watu wanaishia ufukweni, we panda gari mpaka Teddy's Lookout juu ya mji, ni dakika chache tu. Ukisimama pale unaiona barabara chini yako ikitoka nyuma ya mlima, inakunja kwenye mdomo wa mto St George, inavuka daraja dogo kisha inajibana tena kati ya mwamba na maji, magari yanaonekana madogo kabisa. Kwa maoni yangu hiyo ndio picha ya barabara hii, sio zile nguzo za mawe baharini zilizo kwenye kila kalenda. Ukiwa na muda ongeza maporomoko ya Erskine, kama mita 30, ila ngazi za kurudi juu zitakudai pumzi.

Mbele yake Kennett River watu wanatafuta koala, wale wanyama wa manyoya wa Australia. Koala wanakaa kwenye uma wa tawi juu ya mikaratusi, wamelala, kwa mbali unadhani ni kifundo cha mti. Usiwape chochote, usitikise mti, na ndege wa pale wenye rangi kali watakutua mkononi wakidhani una chakula, nao usiwalishe. Kama hujaona koala songa mbele tu, sio bustani ya wanyama.

Lala Apollo Bay. Jaza tenki hapo na nunua maji, maana kuanzia hapo barabara inaiacha bahari kabisa na kuingia msitu wa Otway, vituo vya mafuta ni vya kutafuta na simu inapoteza mtandao sehemu nyingi, kwa hiyo pakua ramani ukiwa bado na intaneti. Watu wanashangaa, mbona bahari imepotea? Itarudi, ni karibu saa moja na nusu mpaka Port Campbell. Msituni simama Maits Rest, njia ya mbao ya mita kama 800 inayopita kwenye vibonde vya mimea ya kangaga mirefu kuliko mtu na miti minene ya zamani, hewa inabadilika ghafla unahisi ubaridi. Mwenye muda akate kushoto kwenda mnara wa taa wa Cape Otway wa 1848, kuingia ni kwa tiketi.

Sasa Twelve Apostles, yaani Mitume Kumi na Wawili, zile nguzo za mawe zilizosimama baharini. Saa tano asubuhi mpaka saa tisa mchana mabasi yote ya Melbourne yanashusha watu pale, ukiweza usiwepo. Ukiwa umelala Apollo Bay au Port Campbell una uhuru wa kwenda asubuhi mapema, au jua likizama kama unalala Port Campbell, maana ni karibu na hutaendesha mbali gizani, na ndio faida yote ya kulala njiani. Desemba jua linazama karibu saa tatu usiku, Juni ni kama saa kumi na moja na robo jioni, kwa hiyo angalia tarehe yako usije ukafika giza. Likishazama usikimbilie gari, subiri kidogo, pengwini wadogo wanatoka majini kurudi kwenye viota na kutoka juu unawaona kama vidoa vinavyovuka mchanga. Maegesho yako upande wa bara, unapita njia ya chini ya barabara unatokea kwenye upepo, vaa koti hata kama Melbourne kulikuwa na joto.

Nguzo kumi na mbili hazipo na hazikuwahi kuwepo, zilikuwa tisa, moja ikaanguka Julai 2005 zikabaki nane. Ni mawe ya chokaa, mawimbi yanachimba pango huku na kule kwenye rasi mpaka yakutane linakuwa tao, juu likiporomoka inabaki nguzo. Kabla tu hujafika hapo kuna Gibson Steps, ngazi 86 za kushuka mpaka mchangani, zikiwa zimefungwa usiruke uzio, bahari ikijaa inafika ukutani na pa kukimbilia hakuna. Kuogelea pia sahau huku, ukitaka maji tafuta fukwe zenye waokoaji na uingie kati ya bendera nyekundu na njano. Droni nazo hairuhusiwi kurusha bila kibali, ni hifadhi ya taifa.

Wengi wakishapiga picha hapo wanageuza gari, na hapo ndipo wanapokosa. Dakika tano mbele iko Loch Ard Gorge, meli ya Loch Ard ilivunjika hapo tarehe 1 Juni 1878 ikitoka Uingereza na watu 54, wakapona wawili tu, Tom Pearce na Eva Carmichael. Unashuka ngazi mpaka kwenye ufukwe mdogo uliobanwa na kuta mbili ndefu na mlango mwembamba wa bahari, ndipo walipotupwa. Pape muda mahali pale, saa nzima. Kisha London Bridge, lilikuwa daraja la mawe lenye matao mawili mpaka Januari 1990 tao la upande wa nchi kavu likaanguka na watalii wawili wakabaki upande wa pili, wakaja kuchukuliwa na helikopta. Fuata The Grotto, halafu Bay of Islands baada ya kijiji cha Peterborough, nguzo za kumwaga na mara nyingi maegesho yana magari mawili matatu.

Ukiwa huko Juni mpaka Septemba malizia Warrnambool, Logans Beach, kuna jukwaa la kuangalia nyangumi na watoto wao karibu na ufukwe, beba darubini.

Huna gari? Panda treni mpaka Geelong halafu basi la V/Line, shirika la usafiri la jimbo la Victoria, linalofuata pwani mpaka Apollo Bay, kuendelea mpaka Warrnambool basi lipo siku chache tu za wiki kwa hiyo soma ratiba kwanza ndio ulipie chumba. Kutoka Warrnambool kuna treni ya moja kwa moja kurudi Melbourne.

Na kurudi kwa gari usirudie pwani ukiwa umechoka, shika Princes Highway ya ndani kupitia Colac, ni kama masaa matatu kutoka Warrnambool, imenyooka.