Somo: Kuifungua 720,720 bila kikokotoo

Vijana wetu wa kidato cha pili hapa Chake Chake wakiona namba ya tarakimu sita hukimbilia kikokotoo. Leo kiwekeni pembeni. Kitakupa jibu, lakini hakitakuonesha namba ilivyojengwa.

Hatua ya 1. Itazame kabla hujaigawa. 720 imejirudia mara mbili, kwa hiyo ni 720,000 + 720, yaani 720 × 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Basi namba yoyote ya tarakimu sita inayorudia tarakimu tatu za mwanzo hugawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13 bila baki. Jaribuni 463,463. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ya hesabu za skuli.

Hatua ya 2. Vunja 720: ni 8 × 9 × 10. Ukiunganisha:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Hatua ya 3. Hesabu vigawo vyake. Hapa twende pole pole. Kila kigawo kinatokana na kuchagua ndani ya vigawo tasa hivyo. Kwa 2 una njia tano: uiache, au uichukue mara moja, mbili, tatu au nne. Kwa 3 njia tatu. Kwa 5, 7, 11 na 13 ni mbili mbili, uchukue au uache. Zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Tumepata idadi ya vigawo vyote bila kuandika hata kimoja.

Hatua ya 4. Kagua 1 hadi 16: zote zimo. 720,720 ndiyo KDS yao (kigawe kidogo cha shirika), yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote bila baki.

MASWALI

Wete: Asalaam aleikum Maalim. Kwa nini KDS isiwe 1 × 2 × 3 mpaka 16?

Waaleikum salaam mwanangu. Hiyo nayo inagawanyika kwa zote, ila ni kubwa mno. 16 tayari imebeba 2, 4 na 8. 9 imebeba 3. Chukua kipeo kikubwa cha kila namba tasa, basi. 12 haidai kitu kipya, wala 14, wala 15.

Mkoani: Maalim, 720,720 ina kipeuo cha pili kamili?

Haina. Vipeo vyote vingekuwa shufwa. 5, 7, 11 na 13 zimekaa moja moja, kila moja inakosa mwenzake. Zidisha kwa 5,005 uwape wenzao, utapata 3,607,203,600, na kipeuo chake ni 60,060.

Micheweni: Na 17 je?

Inabaki 5. Ukiitaka, zidisha kwa 17: 12,252,240, na 18 inaingia bure kwa kuwa ni 2 × 9. Ukizidisha tena kwa 19 unafika 232,792,560. Hiyo inagawanyika kwa zote mpaka 22. Nielezeni nyinyi kwa nini inakwama 23.