Kumtambua mjusi wa nyasi kabla fimbo haijashuka

"Kaka, nyoka!" Mwanafunzi niliyemsindikiza wiki iliyopita huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania alishainua fimbo. Nikamshika mkono. Alikuwa mjusi wa nyasi, wa jenasi ya Chamaesaura, ambaye miguu yake imebaki vijiti tu.

1. Nenda asubuhi, jua likianza kukolea. Hupanda juu ya nyasi kuota jua.

2. Achana na mitego ya ndoo za kufukia ardhini ili wanyama watumbukie. Najua wengi wanazipenda. Mimi hazijawahi kunipa hata mmoja. Tembea polepole, macho kwenye ncha za nyasi.

3. Hakikisha si nyoka. Hapa niliwahi kupoteza asubuhi nzima. Wengi hutafuta miguu kwanza, nami nilifanya hivyo, lakini ni myembamba kama njiti ya kiberiti na hulala ubavuni. Ukiwa hatua tatu huioni. Anza na jicho, kwa darubini. Nyoka hana kope, huyu hufumba na kufumbua. Kisha tafuta tundu la sikio nyuma ya jicho, nyoka hana. Magamba yake yana matuta, mwili mzima unakwaruza kama msasa. Picha ikitoka vizuri, tazama tundu la haja lilipo: mkia ni mara tatu hadi nne ya kichwa na kiwiliwili, wakati wa nyoka huwa kipande kifupi cha mwisho. Ila angalia, mkia ukiwa ulikatika ukaota upya, kipimo hicho kitakudanganya. Rudi kwenye jicho. Na kama bado una shaka, usiguse.

4. Ukilazimika kumshika, mpitishe juu ya viganja vyote viwili kama maji. Mkia usiuguse kabisa! Hukatika, na ndio anaojisukumia kwenye nyasi akienda kama samaki mtoni. Ukikatika, anabaki kujikokota, na panzi anaowategemea kwa chakula hawamsubiri.

5. Piga picha, mrudishe kwenye nyasi zilezile.

Kiangazi, nyasi zikishachomwa, usipoteze nauli kwenda katikati ya eneo jeusi. Moto huua wengi, na majike wenye mimba hawana mayai ya kuacha salama ardhini, maana huzaa watoto hai. Anzia kwenye vipande vilivyonusurika, hasa kando ya mabonde yenye majimaji.