Kiwanja karibu na mto Dar: pima maji kwanza ndo uchore ramani

Kama una kiwanja Dar, au unataka kununua, na jirani kuna mto, korongo au mtaro mkubwa, naomba usimlipe mchoraji kwanza. Wengi wanaanza na ramani nzuri kabisa, wanaipeleka halmashauri kuomba kibali cha ujenzi, halafu mhandisi anauliza hapa maji yanapita wapi na yalifika wapi, wanabaki kimya. Kitu cha kwanza kujua ni usawa wa sakafu, yaani jamvi (zege la sakafu) la chini litakaa juu kiasi gani, na anayeupanga huo usawa ni maji, mchoraji anafuata tu.

Sheria kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ufukwe wa bahari au ziwa. Nenda na mpimaji, mpime kutoka kingo ilipo leo, msipime kwa mchoro wa zamani wa mipango miji, maana mito kama Mbezi na Tegeta inakula kingo kila masika na wachimba mchanga wanaisaidia, kwahiyo kiwanja kilichokuwa mita 70 zamani leo kinaweza kuwa 50. Ukijikuta ndani ya 60, acha. Mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016 bonde la Msimbazi watu walipigiwa X nyekundu ukutani na nyumba zikabomolewa, na wapo waliokuwa wamekaa pale miaka na miaka wana umeme na kila kitu.

Ila kuwa nje ya mita 60 haina maana uko salama! Pale Jangwani au Kigogo bonde ni tambarare, maji yakitoka mtoni yanasambaa mbali sana kuliko hizo 60.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndo utumie muda wako mwingi: kutafuta alama ya maji, yaani mstari mafuriko yalipofika. Usiulize "huku huwa panajaa?" utajibiwa hapana. Uliza kwa tukio. Desemba 2011, yale mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 na wengine wakahamishiwa Mabwepande, maji yalifika wapi? Aprili 2014 je? Aprili 2018? Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 mpaka masika ya 2024? Na waulize wapangaji na mama ntilie, mwenye nyumba anayetaka kuuza na dalali wake waache kwanza. Mimi niliwahi kwenda kuona kiwanja mwezi wa nane, pakavu kabisa, pamelimwa mchicha, bei nzuri, nikataka kutoa advansi siku hiyohiyo, bahati nikapita kununua maji kwa mama mmoja jirani akafungua mlango wa jiko akanionyesha mstari wa tope nyuma ya mlango, unanifika kifuani. Sikununua.

Ukionyeshwa alama, pima kwa futi kutoka chini, piga picha futi ikiwa ukutani, andika mwaka. Tafuta alama kwenye nyumba tatu au zaidi, halafu mpimaji azihamishie zote kwenye usawa mmoja na bikoni (mawe ya mpaka) za kiwanja chako, maana sentimita 80 kwenye nyumba iliyo bondeni zaidi sio sentimita 80 kwako. Angalia pia takataka zilizonasa kwenye matawi na fensi, matete, na udongo: ukichimba shimo la mita moja ukakuta tabaka za mchanga na tope zinapishana, mto ulishawahi kulala hapo. Ramani za Ramani Huria, mradi uliochora mitaa ya Dar pamoja na wakazi wake, zina mitaro na maeneo yanayojaa kwenye mitaa mingi ya Dar, na Google Earth inakurudisha nyuma kwenye picha za miaka iliyopita, utaona mto ulivyohama.

Halafu usiangalie mvua ya kwako tu. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unaweza ukawa Kigogo juani na maji yanakuja. Na huku chini karibu na daraja la Selander, mto unapoishia, kuna bahari: mvua kubwa ikikutana na bamvua (bahari ikijaa kupita kawaida) maji ya mto hayana pa kutokea, yanarudi nyuma, kwahiyo alama iliyowekwa siku bahari imekupwa sio kikomo.

Mtaalamu akikwambia "mafuriko ya mara moja kwa miaka 50" usielewe kwamba yakija leo umepumzika miaka 50. Maana yake kila mwaka kuna nafasi 2 kati ya 100, na ukikaa kwenye nyumba miaka 30 nafasi ya kuyaona walau mara moja ni kama asilimia 45. Karibu nusu!

Usawa wa sakafu mimi nachukua alama ya juu kuliko zote nikaongeza sentimita 60, soketi za umeme nazipandisha zaidi, na mfuniko wa shimo la choo nao usiwe chini ya alama, maana maji yakiingia mle mtaa mzima unaumwa. Ila kujaza kifusi kiwanja kizima ili upande juu ni kumhamishia jirani maji yako, na mhandisi makini atakukatalia. Bora nyumba ikae kwenye nguzo au msingi mrefu na maji yawe na njia.

Na maji ya kwako mwenyewe uyahesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwahiyo paa la mita za mraba 150 mvua ikipiga milimita 50 unapata lita 7,500. Onyesha kwenye mchoro zinaenda wapi, simtanki ya 5,000 na shimo la kunyonya, sio barabarani.

Haya yote weka kwenye kurasa tatu nne ukiambatanisha na maombi: umbali kutoka kingo, jedwali la alama na miaka, picha, usawa wa sakafu, njia ya maji. Mradi mkubwa kama apatimenti au makazi ya nyumba nyingi utahitaji na cheti cha mazingira kupitia NEMC (baraza la taifa la mazingira), anza mapema maana kinachukua muda.

Kibali kikitoka, kabla fundi hajachimba msingi piga rangi ya usawa wa sakafu kwenye nguzo ya zege pembeni ya kiwanja, na siku ya kumwaga jamvi mpimaji arudi aihakiki, maana mafundi wakiona tofali zinaisha wanapunguza kozi (mstari wa tofali) moja na hiyo kozi moja ndo maji yatakapoingilia.