Namna ya kuzungumza habari za dunia na mtoto mkiwa njiani kwenda kwenye mechi

Jumamosi ya mwisho ya Juni 2024, mwanangu wa miaka tisa alikataa kuvaa viatu vyake vya mpira kwa sababu alikuwa amesikia redioni kwamba vijana wa Kenya wameingia bungeni na watu wamekufa, na siku hiyo ekipe yake, yaani timu yake, ilikuwa icheze Kenya. Kwa msomaji asiyeijua Lubumbashi, mji wa kusini-mashariki mwa Kongo, Kenya ni mojawapo ya komini (manispaa) saba za mji wetu, yenye soko kubwa ambalo mama yake huenda karibu kila juma. Mtoto alikuwa amekaa siku nne nzima akiamini kwamba watu wanauawa karibu na meza za mboga, na hakuna mtu mzima aliyemuuliza anawaza nini. Tangu siku hiyo nimeifanya safari ya kwenda uwanjani kuwa mahali pa mazungumzo hayo, na ninayoyaeleza hapa ni yale niliyojifunza kwa kukosea.

Jambo la kwanza ni kwenda kwa miguu, hata kama pikipiki ipo na nauli ipo. Mtoto aliyeketishwa mezani mbele ya baba yake hujibu kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, lakini anayetembea ubavuni mwako, macho yake yakiwa kwenye mashimo ya barabara, husema mambo ambayo hakupanga kuyasema. Kutoka kwetu Katuba hadi uwanja wa vumbi tunaochezea ni mwendo wa nusu saa na kidogo, nasi hutoka mapema ili tusilazimike kukimbia. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi huwa na baridi kali, kwa hiyo avae sweta juu ya jezi. Mvua zikianza, viatu vya mpira vibebwe ndani ya mfuko wa plastiki naye atembee na kandambili, la sivyo atafika na kilo mbili za matope.

Usianze wewe. Dakika kumi za mwanzo ni za ekipe: nani atakaa golini, nani amekatazwa na mama yake kuja. Swali la dunia huja lenyewe, mara nyingi katikati ya jambo jingine, na likija, kabla ya kujibu muulize amesikia nini na kwa nani. Mimi nisingeuliza siku ile, ningeanza kumhutubia juu ya Afrika Mashariki ilhali yeye alikuwa akiliwazia soko la mama yake. Nilipoelewa, nilimwambia kwamba Kenya nyingine ni nchi, kwamba serikali yake ilitaka kuongeza kodi, kwamba tarehe 25 vijana walioikataa sheria hiyo waliingia bungeni Nairobi, kwamba ni kweli baadhi yao walipigwa risasi wakafa, na kwamba kesho yake Rais William Ruto alitangaza kuwa hatatia sahihi. Alinyamaza hadi tukapita kona mbili, kisha akauliza, “Papa, basi mechi iko?”

Swali lisipokuja, tafuta jambo ambalo mnaliona kwa macho. Sisi tuna bahati, au tuseme tuna mzigo, kwa maana bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kile kilima cheusi cha taka za shaba vinaonekana kutoka sehemu nyingi za mji. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha uuzaji wa kobalti, madini ya kutengenezea betri, nje ya nchi, na mtoto akataka kujua kwa nini mtu mwenye mali akatae kuiuza. Nilimwonyesha mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya kando ya barabara: mafungu matano juu ya meza, na beseni zima lililofunikwa kitenge chini yake. Nilimwambia kwamba angezimwaga zote mezani, kila mpita njia angeona ni nyingi na kutaka kupunguziwa bei. Kobalti nayo ilikuwa imejaa sokoni hadi bei ikaanguka, na nchi yetu ndiyo inayotoa sehemu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Oktoba mwaka huohuo, uuzaji uliporudishwa kwa viwango maalumu, yeye ndiye aliyeniambia, “Papa, wamefunua beseni kidogo.”

Habari za vita zinahitaji uangalifu zaidi. Goma, mji wa mashariki mwa nchi yetu, ulipotekwa na waasi mwishoni mwa Januari 2025, nilijaribu kumtuliza kwa kusema kwamba ni mbali, zaidi ya kilomita elfu moja, na neno hilo lilidumu majuma machache tu, kwa sababu mtoto aliyetoka huko alikuja kukaa kwa shangazi yake mtaani kwetu na kuomba kuingia katika ekipe. Tangu hapo simwambii mtoto “usiogope.” Namweleza kilichotokea kwa sentensi mbili au tatu za kweli, sisimulii maiti, kisha namwachia nafasi ya kuuliza. Nilimwomba pia asimhoji mwenzake, ampe mpira tu. Yule mtoto hucheza upande wa kushoto, naye ana mbio.

Mpira wenyewe ni njia nzuri ya kuingia katika historia, mradi usiipambe. Mwanangu alionyeshwa kwenye simu ya jirani ile picha ya Kombe la Dunia la 1974, siku ya mechi na Brazil, ambapo Mwepu Ilunga, beki wa Zaire (ndivyo nchi yetu ilivyoitwa wakati huo), anatoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla Wabrazil hawajapiga adhabu yao, na watu wazima walikuwa wakicheka kwamba Mwafrika hakujua sheria. Nilimwambia kwamba Mwepu alichezea Mazembe, klabu ya mji huu, ilipoitwa bado Englebert, na kwamba yeye mwenyewe alieleza baadaye kuwa alizijua sheria vizuri na alifanya vile kwa hasira, kwa sababu wachezaji hawakuwa wamelipwa. Nilimwambia pia kwamba siku nne kabla ya hapo Zaire ilifungwa mabao 9 na Yugoslavia. Baba mmoja aliyekuwa akitembea nasi alinilaumu kwa kutaja hilo. Mimi naona mtoto anayefungwa saba kila mwezi anastahili kulijua.

Mkifika uwanjani, mazungumzo yaishe. Na wakati wa kurudi usizungumze habari za dunia, wala usichambue mechi. Mimi nilifanya hivyo mara moja, nikamhesabia makosa yake yote hadi mlangoni, naye akakaa Jumamosi mbili bila kutaka kucheza. Siku hizi nanunua karanga za kukaanga, nusu yake na nusu yangu, nasubiri. Wakati mwingine tunafika nyumbani bila neno. Juma lililopita, karanga zilipokwisha, alikunja karatasi yake akaitia mfukoni na kuuliza kama Yugoslavia bado wanacheza.