Unahama Dar kwenda Nairobi? Pigia kodi hesabu hizi kwanza

Ukisikia chumba cha Sinza, Dar, na cha Roysambu, Nairobi, kodi zake zinalingana, usikimbilie kusema miji hii ni bei moja. Kwanza jua ni kiasi gani kitakutoka siku ya kukabidhiwa funguo. Tuchukue mfano wa chumba cha laki mbili kwa mwezi. Dar, wenye nyumba wengi bado wanataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Miezi sita ni 1,200,000, dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja: 1,400,000 kabla hujanunua hata ndoo. Hapo sijagusa hela ya kuoneshwa vyumba, unayolipa hata kwa vile ulivyovikataa. Huo kwangu ni uonevu tu.

Nairobi, chumba cha Ksh 10,000, tukikadiria Sh 20 za Tanzania kwa moja ya Kenya, ni laki mbili hiyohiyo. Ila kwa kawaida unaingia kwa kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, yaani kama laki nne.

Kwa hiyo asiye na akiba ataingia Nairobi kwa urahisi zaidi. Kukaa ndiyo kazi. Dar ukishalipa, miezi sita hudaiwi. Mshahara ukichelewa utakula dagaa, lakini utalala ndani. Nairobi kodi inasubiriwa siku za mwanzo wa kila mwezi, mara nyingi mwisho tarehe 5, na keateka, yaani msimamizi wa jengo, anajua mlango wako. Mwenye kipato cha kubahatisha alipime hilo kabla ya kufurahia dipoziti ndogo. Na hiyo dipoziti, siku ya kuingia piga picha kuta, masinki na vitasa, maana ukihama utaambiwa imeishia kwenye rangi.

Kodi uipime kwa mshahara unaoingia benki, si ulioandikwa kwenye mkataba. Kenya, mbali na PAYE (kodi ya mapato) na NSSF (mfuko wa pensheni), mwajiriwa anakatwa 2.75% ya bima ya afya ya SHIF na 1.5% ya mfuko wa nyumba za bei nafuu.

Nauli nayo ni sehemu ya kodi. Daladala za Dar nauli yake inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mvua inyeshe isinyeshe. Matatu za Nairobi hupandisha jioni na mvua ikianza, hivyo chumba cha bei poa cha Rongai, nje kidogo ya jiji, kiulizie nauli ya saa moja usiku, si ya saa nne asubuhi.

Dar uliza kama LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako. Mita ya kuchangia maana yake unalipia friji la jirani. Nairobi uliza maji yanatoka siku zipi, na yakikatika mtungi unauzwaje. Muulize mpangaji anayeanua nguo, sio keateka.