Kikundi cha wachoraji kidumu vipi: hela, ukuta na stoo ya rangi

Mara nyingi kikundi cha wachoraji hakifi kwa kukosa wateja. Kinaanza kufa siku picha ya mtu inapouzwa na mwenyewe asijue imeuzwa bei gani. Akishaanza kuuliza majirani badala ya kumuuliza mhasibu, wiki chache baadaye anabeba picha zake kwenda kwa dalali, na wengine wanamfuata. Kwa hiyo anzeni na daftari, hata kabla ya fremu na kibao cha mlangoni.

Kila picha inayoingia ipewe namba. Andikeni namba hiyo nyuma ya picha kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu unaweza kupenya kitambaa na kutokeza mbele. Kwenye daftari andikeni namba, jina la mchoraji, ukubwa, tarehe na bei ya mwisho ambayo mwenyewe yuko tayari kupokea. Ikiuzwa, muuzaji akate risiti yenye nakala. Malipo yafanyike siku moja kwa wiki, tuseme Jumamosi, na mchoraji asaini mbele ya namba yake. Mkiruhusu watu wachukue chao pale pale kwenye droo, kutakuwa na "nikopeshe kidogo" kila jioni, na mwisho wa mwezi hesabu haitakaa sawa.

Mgawanyo unaofanya kazi kwa kikundi kidogo ni asilimia 70 kwa mchoraji, 20 kwa vifaa na umeme, 10 akiba ya ugonjwa na msiba. Picha ya shilingi 60,000 inampa mchoraji 42,000, vifaa 12,000, akiba 6,000. Kodi ya chumba msiiweke humo, na hapa vikundi vingi hukosea. Chumba cha 150,000 kwa mwezi, kikilipwa kwa ile asilimia 20, kinadai mauzo ya 750,000 kabla hata kopo moja la rangi halijanunuliwa. Mwezi wa mvua hamtayafikia. Kodi ilipwe kwa ada: wanachama 12, kila mmoja 12,500, auze asiuze. Na kwa kuwa wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, ada ikusanywe mwezi hadi mwezi na kukaa benki, isiguswe kwa jambo lingine.

Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa hela, na wasiwe mume na mke wala ndugu. Malipo ya simu yaingie kwenye namba ya kikundi. Hela ya kikundi ikipita kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu namna gani, siku simu ikipotea au akiugua hamna pa kushika.

Baada ya hela, ugomvi mkubwa ni ukuta. Ukuta unaotazama mlango ndio unaouza, na mwenye nafasi hiyo hataiachia kwa hiari yake. Gaweni kuta kwa vipande sawa, kwa mfano kila mtu nafasi ya picha nne za sentimita 60 kwa 60, kisha kila Jumatatu watu wahame kipande kimoja kuelekea kulia. Picha iliyokaa miezi mitatu bila kuuzwa irudi stoo ipishe nyingine. Aliye zamu ya kuuza asiuze picha zake mwenyewe siku hiyo. Bila sharti hilo atamvuta mgeni kwenye kona yake na kumshushia bei, na kesho yake jirani atashusha zaidi. Pangeni bei kwa ukubwa, na anayetaka kuuza chini ya hapo aseme kwenye kikao.

Vifaa nunueni pamoja. Bamba la hadibodi la kuchorea la futi 4 kwa 8 linatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubakiza kitu. Mkikata inchi 20 kwa 20 pia mnapata 8, na vipande vya pembeni vinatupwa. Rangi za mafuta ziwe za makopo madogo ya nusu lita, isipokuwa nyeupe na nyeusi zinazokwenda haraka. Kopo kubwa lililofunguliwa huota ngozi juu na sehemu nzuri ya rangi hupotea. Futeni mdomo wa kopo, kazeni kifuniko, lilazeni kichwa chini: ngozi itajijenga upande wa tako la kopo, na mtakapoligeuza itakuwa chini, rangi nzuri juu. Rangi ya msingi ipewe siku nzima ikauke, na wakati wa masika siku mbili au tatu. Ukichora juu ya msingi mbichi, rangi ya juu hujikunja, na hakuna dawa ila kupiga msasa na kuanza upya. Picha za kitambaa zikikunjwa kabla hazijakauka sawasawa hugandana; wekeni karatasi katikati na mkunje upande wenye rangi ukiwa nje, ili isipasuke. Tina ya kuyeyushia rangi na matambara yaliyolowa vikae mbali na jiko na sigara.

Wageni hupungua Aprili na Mei. Miezi hiyo tafuteni kazi za mtaani: vibao vya maduka, michoro ya kuta za shule, darasa la watoto la Jumamosi. Oda kubwa ikija, msianze bila nusu ya malipo na sampuli moja iliyosainiwa na mteja. Igaweni kwa ustadi wa mkono wa kila mtu, si kwa urafiki, na mkubaliane mapema nani atarudia picha itakayokataliwa kwa gharama ya nani.

Mtu akinunua picha amenunua kitu cha kutundika. Hajanunua haki ya kuichapa kwenye fulana au kadi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji hapo. Anayetaka kuchapa aandikishane nanyi na alipe kando.

Kuhusu usajili, anzieni kwa afisa utamaduni wa wilaya, mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama. Yeye atawaelekeza utaratibu wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), mlango ni afisa maendeleo ya jamii. Kopeni kwa ajili ya vifaa vya oda iliyokwisha kusainiwa. Mkopo wa kulipa kodi ya chumba hauzalishi hela ya kuurudisha.

Kikao kiwe cha saa moja, Jumapili ya mwisho wa mwezi, na daftari lisomwe kwa sauti mstari kwa mstari. Mhasibu abadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama ni mzuri, ili angalau watu watatu wajue hesabu. Mwanachama mpya aandike jina la mrithi siku anayojiunga, ili akifariki picha zake zilizobaki ziuzwe na fungu lake lijulikane ni la nani.

Ufundi nao usikae kwa mmoja. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, alipouawa mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze kuchora Dar es Salaam, ndugu na jamaa aliokuwa amewafundisha waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Chukueni wanafunzi wawili kwa kila mafundi sita. Miezi mitatu ya kwanza wapige msasa na kupaka msingi, walipwe kwa kipande. Kisha wajaze rangi sehemu kubwa za picha za mafundi. Mistari myembamba na madoa iwe ya mwisho. Mwanafunzi asiyelipwa kitu kwa kazi ya msingi haji mwezi wa pili.